Jina la Nyuki wa Mtaa wa Mchikichi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Huenda nitaishi milele. Nimeambiwa leo saa nne asubuhi. Nimenunua kauntabuku mpya kwa ajili hiyo.

Dk. Jovitha wa chuo kikuu amerudi. Ni yule binti aliyekuja Aprili. Alikuwa ananunua asali kwa Kasmir, ng'ambo ya barabara, akaona vijinyuki vyeusi vidogo kama mbegu za ufuta vinatembea juu ya meza. Akavifuata kwa macho mpaka kwenye ukuta wetu, chumba cha mbele, kwenye ufa ulio juu ya boriti. Hapo ndipo vinapoishi, vinaingilia kwenye mrija mdogo wa nta. Nyuki wadogo wasiouma. Alichukua thelathini akawatia kwenye chupa ya spiriti. Dada Zamda aligomba sana siku ile. Viumbe wa Mungu wanazamishwa kwenye kileo, ndani ya nyumba ya watu wanaosali!

Leo binti kaja anang'aa. Kasema amewalinganisha na nyuki wadogo wote waliokwisha kuandikwa ukanda huu: mishipa ya mabawa, manyoya ya miguu ya nyuma, mpaka vinasaba. Hawafanani na yeyote. Huenda ni spishi mpya! Bado anahitaji madume na malkia, na kukipima kiota. Kisha ataandika makala na kuwapa jina.

Nikauliza jina gani. Kasema jina la kwanza ni la ukoo, lipo tayari. La pili hulitunga mwandishi, na anaweza kumuenzi mtu. Likiwa la mwanamume linaongezwa i mwishoni. Likishaandikwa, linabaki maadamu duniani kuna watu wanaosoma.

Shaibui.

Nikakaa kwenye ndoo. Ilikuwa na maji.

Akauliza nani katika nyumba hii amewatunza nyuki hawa. Zamda alikuwa jikoni. Nikasema, mimi. Miaka arobaini! Mungu anisamehe. Miaka arobaini nimewatukana. Wanapenda rangi mbichi, wanaichota kama utomvu wa mti. Sijawahi kuanika kibao uani kisigandwe na nyuki. Duka moja la vitambaa mwaka 1991 nililikabidhi kibao chenye nukta ndani ya kila O. Mwenye duka akadhani ni mtindo.

Nyumba inabomolewa mwisho wa mwezi, lijengwe ghorofa. Tulitia saini Juni, mimi na Zamda. Tutapewa vyumba ghorofa ya sita. Binti kasema atawahamisha nyuki kabla ya hapo, kwa utaratibu wa kitaalamu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mtunzaji wao nipo.


Jumanne, 5 Agosti

Sikulala vizuri kwa furaha. Nimeandika SHAIBUI kwa kalamu, mitindo kumi na minne. Yenye kivuli cha bluu ndiyo bora. Baadaye nikakumbuka kwamba majina haya huandikwa kwa herufi ndogo. Dharau, lakini basi.

Kwa faida ya watakaosoma shajara hii karne ijayo: mimi ni Shaibu, fundi wa vibao mstaafu. Sikustaafu kwa hiari. Zilikuja mashine za kuchapa mabango ya plastiki, picha ya kuku inatoka na jasho lake. Nani tena atamsubiri mzee mwenye brashi siku tatu?

Jioni nikatoka kutembea, nimeshika mikono nyuma kama mtu maarufu. Mchikichi, Sikukuu, Mkunguni, Congo. Zamani ukisimama kona yoyote ya Kariakoo unaona mkono wangu mahali saba. Kinyozi mwenye kichwa kilichochanwa njia kama reli. Jino la mganga wa meno, lenye mizizi mitatu na tabasamu. Kikombe cha chai cha hoteli moja hapa Sikukuu, nilikipa moshi wa kujipinda mpaka watu wakawa wanaingia kwa sababu ya moshi ule. Nyumba zilikuwa za chini, na saa kumi wanawake wanatoa mikeka barazani, unapita unasalimia nyumba hadi nyumba, na ukichelewa kuitikia unaulizwa una nini leo. Sasa ni vioo tu, na kila kioo kina mlinzi.

Nimetafuta kibao kimoja tu kilichobaki. Kimoja! Nikakiona uchochoroni, nyuma ya marobota ya viatu vya mitumba. Ukuta wa marehemu fundi Abbasi, mshonaji. Imebaki "NDI BORA". Herufi N yangu ile, mguu wa kulia umeingia ndani kidogo. Nilimwandikia mwaka 1987, na alinilipa kwa suruali ambayo bado naivaa. Nikaugusa ukuta kwa kiganja. Nikaweka na kipaji cha uso.

Mlinzi akaja mbio kuniambia mzee, hapa hairuhusiwi kukojoa.

Watu elfu nimewaandikia majina. Langu sikuliandika popote. Nilikuwa naona haya kutia saini.

Wakati narudi, Kasmir kanisimamisha. Ameshasikia. Kasmir ni mtu wa Masasi, anauza asali na dawa za miti mbele yetu tangu 1994, na tangu 1994 hatupatani. Sababu ni kwamba nilimwandikia kibao cha ASALI nikaandika ASLAI. Kilikaa miezi sita. Ninavyokumbuka mimi, aliuza vizuri mno, watu walidhani ASLAI ni dawa mpya. Yeye anakumbuka vingine.

Kaniuliza mbele za watu: nyuki anayelala kwako na kula kwangu, ni wa nani? Watu wakacheka. Kasema kama jina ni la haki, basi ni kasmiri. Anasema linatamkika hata na Mzungu.

Vita imeanza.


Alhamisi, 7 Agosti

Nimefikiri. Spishi "huenda" ni mpya. Hiyo "huenda" ndiyo adui. Binti ana wasiwasi kwa sababu nyuki wenyewe ni weusi tupu. Hawana hata doa. Nani atawakubali kuwa wapya? Nyuki hawa wanahitaji alama. Kama duka lolote!

Saa tano, Zamda akiwa ameenda sokoni, nikakata kipande cha chandarua chake (cha pembeni, hataona) nikatega mlangoni pa mrija. Nikapata kumi na wawili. Nikawatia kwenye kopo na kuliweka juu ya barafu ya jirani, wakapoa, wakalegea. Nikachukua brashi yangu namba sifuri, nikaipunguza mpaka ikabaki na unywele mmoja. Rangi ya mafuta, njano ya yai.

Miaka minne sijashika brashi. Niseme kweli, nilisahau kabisa kwa nini naifanya kazi ile. Nilikuwa tu mimi, na mwanga wa uani, na mgongo mdogo kuliko punje ya mchele. Mstari mmoja wa njano, mwembamba, wenye ncha pande zote mbili. Wa saba nilimpa na kivuli.

Tisa walipona. Mmoja amekwenda kwa Kasmir amevaa rangi yangu. Na akatangaze!

Wanane wamo chupani, tayari kwa Dk. Jovitha. Nimempigia simu kumwambia kumbe wapo wenye mistari, ila huwa wanajificha. Amekuja mwenyewe kabla ya saa kumi na moja, anahema. Kawatazama kwa lenzi yake ya mkononi. Akanyamaza muda mrefu. Akashukuru, akaondoka.

Kimya cha heshima, naamini.


Jumamosi, 9 Agosti

Hakikuwa cha heshima.

Binti amekuja asubuhi. Kasalimia shikamoo kama kawaida, nikaitikia marahaba, nikamkaribisha kiti. Hakukaa. Zamda alikuwepo, anachambua mchele. Nayaandika maneno yenyewe kama yalivyosemwa, maana hayatoki kichwani.

"Mzee Shaibu," akasema, "umewapaka nyuki rangi."

Nikasema rangi gani.

"Ya mafuta. Kwenye hadubini naona mpaka mipito ya brashi. Mmoja ana kivuli."

Zamda akaacha mchele.

"Rangi ya mwili wala si kitu kikubwa kwa nyuki hawa," binti akaendelea, taratibu, na utaratibu wake ndio ulioniumiza. "Ungeniuliza tu ningekwambia. Sasa kuna kitu kibaya zaidi. Wale thelathini wa Aprili ulinisaidia kuwakamata wewe. Inabidi nijiulize na wale uliwafanya nini. Kazi ya miezi minne, mzee wangu."

Nikamwambia wale wa Aprili sikuwagusa, naapa. Kasema huenda. Ile "huenda" tena! Kasema Jumatatu anaingia misituni Morogoro wiki nzima, kule simu haishiki, akirudi ataamua kama nyuki wa nyumba hii anaweza kuwatumia au awaache.

Akamuaga Zamda kwa adabu. Mimi aliniaga kwa kichwa.

Zamda hakunisema. Kapika wali, kaniwekea sahani, kala chumbani kwake. Umri wake sitini na sita, mimi sitini na moja, na bado akininyamazia naona kama nimevunja chungu cha Mama.


Jumapili, 10 Agosti

Zamda kanifungulia sanduku lake. Sijawahi kuona ndani ya sanduku lile tangu azaliwe mwanawe wa kwanza.

Kalenda. Ishirini na saba! Zile za bure za madukani, kila mwaka moja, kuanzia 1999, baada ya Mama kufariki. Na kwenye vile vijisanduku vya tarehe, kwa penseli, kwa mwandiko wake wa darasa la saba: "Wametoka wengi leo." "Wameziba mlango siku tatu, mvua." "Wametupa maiti nje, nimefagia." "Kundi limehama na kurudi." Machi 2006: "Shaibu amewafukuza kwa moshi. Nimegombana naye. Wamerudi." Juni 2014: "Mlango mpya wa nta, mrefu kama ukucha. Mama angefurahi."

Nikasoma mpaka adhuhuri ikanipita.

Mama alikuwa na kijichungu cha udongo kidogo kama yai, na unyoya wa kuku. Tukikohoa anapanda ngazi fupi, anachokonoa ufa kwa unyoya, anashuka na tone moja. Moja! Analitia kwenye ndimu iliyopashwa moto jivuni. Ilikuwa chungu, tamu, na kali vyote pamoja, na koo lilikuwa linafunguka hapohapo. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wanakuja kukohoa barazani kwetu kwa makusudi. Fatuma wa nyumba ya tatu alikuwa na kikohozi kila Ijumaa. Mama anajua, na anapanda ngazi vilevile. Alikuwa anawaamkia nyuki kabla ya kutuamkia sisi.

Haya yote nilikuwa nimeyasahau. Zamda kayatunza kwa penseli. Nimejiona mdogo sana.

Baada ya kulia kidogo nimepata wazo.

Binti anahitaji ushahidi wa utunzaji. Ushahidi upo. Tatizo ni mwandiko. Lakini fundi wa vibao anaweza kunakili kalenda ishirini na saba kwa mkono wake mwenyewe, mkono mzuri zaidi, na karatasi ikilowekwa kwenye chai inazeeka miaka kumi kwa dakika tano. Si wizi. Ni kusafisha kumbukumbu.

Nimefika 2001. Zamda kaingia kuuliza kwa nini karatasi zimeanikwa kwenye kamba pamoja na foronya, na kwa nini zinanukia iliki.

Sikujua kama chai ilikuwa na iliki.


Jumatatu, 11 Agosti

Balaa. Msimamizi wa ujenzi amekuja na kofia yake ya njano. Katapila limepatikana mapema. Kubomoa si tena mwisho wa mwezi. Ni Jumatano, saa tatu asubuhi. Nikamwambia kuna nyuki. Kasema Kariakoo kuna panya pia, na hawajawahi kuomba muda.

Nimempigia Dk. Jovitha mara kumi na tisa. Hapatikani. Misitu!

Kutwa nzima tumehamisha vyombo kwenda vyumba vya kupanga Buguruni. Kitanda cha Mama hakikupita mlangoni, inaonekana kilijengewa humohumo ndani. Tumekikata.

Saa kumi nikamkuta Zamda amekaa peke yake chumba cha mbele, chumba kitupu, chini ya ufa. Nyuki walikuwa wanarudi mmoja mmoja na mizigo yao ya miguuni. Mmoja akatua pembeni mwa jicho lake, wanapenda chumvi ya machozi. Hakumfukuza.

"Mimi niliweza kumzika Mama," akasema, "kwa sababu hawa walibaki."

Nikatoka. Nikavuka barabara.

Mara ya kwanza tangu 1994 naingia dukani kwa Kasmir kwa hiari. Alikuwa anapima asali. Nikamwambia Kasmir, nyuki wanakufa keshokutwa. Kasema anajua, ameliona katapila limeegeshwa kona. Nikamwambia sijui kuwahamisha. Kasema na hilo analijua. Nikasubiri. Akafunga chupa, akaifuta, akaiweka kwenye rafu, akaigeuza lebo itazame mbele. Mtu wa kuudhi!

"Kwetu Masasi," akasema hatimaye, "nilikuwa nawatoa kwenye magogo na babu yangu. Nilikuwa na miaka tisa. Ukimkosa malkia umekosa wote. Tunaanza alfajiri, kabla hawajaamka. Na sema pole ya kibao."

"Pole ya kibao."

"Kinasomekaje?"

"Asali," nikasema. "A, S, A, L, I."

Akanipa mkono.


Jumatano, 13 Agosti

Naandika Buguruni. Mikono imejaa nta, kalamu inateleza.

Tumeingia baada ya sala ya alfajiri, mimi, Zamda na Kasmir. Kasmir kapanda ngazi na kisu cha kukatia mkate. Udongo wa ukuta ule ulikandwa na babu yetu kabla Mama hajazaliwa, nao ulitoka kwa vipande laini, kama keki iliyokaa. Nyuma ya boriti ya mkoko kulikuwa na uwazi, na ndani ya uwazi kulikuwa na mji.

Sijawahi kuona kitu kile. Miaka yote naishi ukuta mmoja nao! Kifungu cha mayai yao ni kama punje za mtama zilizogandana, rangi ya maziwa. Pembeni vijichungu vya asali, vyeusi, vya duara, vikubwa kama choroko, mamia. Na katikati ya nta, matabaka ya rangi. Nyekundu, bluu, kijani ya chupa. Kasmir akauliza ni nini hii. Mimi niliijua papo hapo. Ile bluu ilikuwa ya kinyozi. Ile nyekundu ilikuwa ya hoteli, moshi ule niliuchanganyia nyekundu kidogo. Walikuwa wanachota, na kubeba, na kujengea. Vibao vyangu vyote vya Kariakoo vilivyovunjwa, kidogo kidogo vimo mle.

Nikashuka ngazi. Nikamwambia Kasmir vumbi limeniingia machoni. Kasema ni vumbi jingi basi, maana naye limemwingia.

Hatukuwa na sanduku la maana. Kasmir alileta boksi la karatasi, lakini kasema litalowa. Nikaenda kwenye mizigo nikafungua sanduku langu la brashi, la mninga, lina vitasa vya shaba. Nimelibeba tangu 1984. Nikamwaga brashi zote kwenye mfuko wa rambo. Zamda akanitazama. Nikamwambia usinitazame, shika taa.

Malkia hakuonekana. Saa moja. Saa mbili kasoro. Nje katapila likawashwa, ukuta ukaanza kutetemeka, na msimamizi anapiga kelele tutoke. Kasmir akaingiza mkono mpaka kwenye bega. Anaongea Kimakua na ukuta. Akautoa mkono taratibu, na kwenye kiganja, juu ya kipande cha nta, alikuwepo: tumbo kubwa la kahawia, hawezi kuruka, anaburuza miguu kama bibi harusi.

Zamda akasema, "Mama nyuki, shikamoo."

Tulitoka saa tatu kasorobo. Sanduku tumeliweka kwenye ua wa Kasmir, juu ya rafu, mrija wa zamani tumeubandika kwenye tundu la ufunguo. Waliobaki nje wakauona, wakaanza kuingia.

Nyumba ilianguka kwa dakika kumi na mbili. Nilizihesabu. Vyumba sita, ua, baraza. Vumbi lilipotua nikaona mtaa wa pili, ambao sijawahi kuuona kutoka pale. Zamda akanishika mkono mbele za watu. Hatujashikana mikono tangu nina miaka saba, siku ananipeleka chuo cha Kurani kwa mara ya kwanza.


Jumapili, 17 Agosti

Dk. Jovitha amerudi! Kafika uani kwa Kasmir na viatu vya matope. Kafungua sanduku kidogo, kachungulia, akakaa chini sakafuni kama mtoto. Malkia yupo. Madume yapo, karibu arobaini. Kapima kila kitu. Kasema wale wa Aprili amewakagua wote thelathini upya, hawana doa la rangi isipokuwa ile waliyoichota wenyewe miguuni. Kanisamehe. Kasema lakini nisimsaidie tena.

Zamda kamwonyesha kalenda. Zile halisi. Binti kazisoma kwa saa nzima, na alipofika mahali pa kundi kuhama na kurudi kasimama wima. Kasema hakuna aliyewahi kuandika jambo hilo kwa miaka ishirini na saba mfululizo, ukuta uleule. Kasema spishi ni mpya, hana shaka tena, na jina amelipata. Zamdae. Wanawake huongezwa e.

Nilimeza mate. Nikamezea na mengine.

Zamda kakataa! Kasema hataki jina lake libandikwe kwa mdudu, watu wa Mchikichi anawajua, watamwita Nyuki mpaka kaburini. Kasema kama ni kuenzi, aenziwe aliyekanda ule ukuta.

Hapo moyo ukaniruka. Kwa sababu babu yetu mzaa mama, aliyejenga nyumba ile, mtaa mzima ulimwita Babu Shaibu. Na mimi nilipewa jina lake.

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nikamwambia binti kwa sauti ya chini kwamba dada amesema kweli, mimi sina la kujitakia, aenziwe marehemu Babu Shaibu. Binti kaguswa. Kaandika kwenye daftari: shaibui. Niliona kwa macho yangu, herufi ndogo, wino mweusi, imetulia. Dakika moja nzima niliishi milele.

"Babu gani Shaibu?" Zamda akauliza. "Babu jina lake Haruna."

Nikasema watu walimwita Shaibu.

"Walimwita shaibu kwa sababu alikuwa mzee!" Akamgeukia binti. "Mwanangu, shaibu si mzee aliyezeeka sana? Alikuwa na miaka tisini na kitu. Hata hati ya nyumba inasema Haruna bin Abubakary. Huyu ndugu yangu alizaliwa na makunyanzi, Mama akasema, jamani, kametoka kashaibu kama babu yake."

Kasmir alicheka mpaka akashikilia rafu. Zamda akamwambia aache, atawaamsha nyuki.

Binti akakata kwa mstari mmoja. Akaandika harunai.

Ni jina zuri. Nasema kweli, ni zuri. Mzee yule nilimkuta kipofu, alikuwa anapapasa ukuta wake kila asubuhi kutoka mlangoni hadi ufani, anaweka sikio, anasema wamo. Miaka mitano nilikuwa nayo. Nilikuwa naweka sikio langu chini ya lake.

Wamo.


Jumatano, 20 Agosti

Nimekubali matokeo. Nimetulia. Umaarufu ni upepo. Buguruni pana hewa.

Binti kapita kutusomea rasimu ya makala. Mwishoni kuna ukurasa wa shukrani. Anamshukuru Bi. Zamda kwanza, halafu "Bw. Kasmir na Bw. Shaibu kwa kukiokoa kiota." Nikauliza kwa nini Kasmir wa kwanza. Kasema ni mpangilio wa alfabeti. Nikamwambia sanduku ni la nani? Kasema alfabeti haina sanduku.

Basi. Nimetulia nilisema.

Kisha kaeleza jinsi makala inavyopita. Haichapishwi hivihivi. Inapelekwa kwa wahakiki watatu, wataalamu wa nyuki, popote walipo duniani, nao huisoma neno kwa neno. Wanaweza kukataa chochote. Wanaweza kudai mabadiliko.

Nikauliza, hata mpangilio wa shukrani?

Kasema wakitaka.

Nikauliza, na jina?

Kanitazama kwa jicho baya. Kasema ndiyo, hata jina linaweza kuhojiwa, lakini majina yao wahakiki ni siri, hata yeye hawajui, na hakuna mtu yeyote anayeruhusiwa kuwasiliana nao.

Siri! Wataalamu wa nyuki wadogo wasiouma, kwa hesabu ya binti mwenyewe, dunia nzima hawafiki mia. Mia ni watu wachache. Mtaa wetu tu ulikuwa na zaidi ya hao, na nilijua mpaka nani kamwoa nani. Zamda kaniuliza nawaza nini. Nimemwambia namuwaza Babu.

Kesho alfajiri Feri, soko la samaki. Kamba wakavu, wale wakubwa, vifurushi vitatu, kila mhakiki chake. Kwenye kimoja nitaongeza ngisi. Katika watu watatu hakosi kuwemo mmoja mkali.